Ghorofa Sita za Nyongeza

4 Februari

Rula mwanangu,

Barua hii ikukute mzima, umeshiba, na umeacha kunywa chai badala ya chakula cha mchana. Sisi tupo. Goti langu la kulia limegoma tena kupanda ngazi. Mama Pacha wa chumba cha jirani amepata kazi ya usafi hospitalini, na pacha wake wote wawili wameng'oka meno ya mbele wiki moja, utadhani walipatana. Fundi Redio wa chini anakusalimia. Anauliza kama bado unapima kila kitu, maana hajasahau siku uliyompima masikio kwa ile rula yako ya mbao ukamwambia hayalingani.

Sasa lililonikalisha chini niandike. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja amevaa kofia ngumu ya wajenzi, ya manjano. Hakuivua hata nilipompa chai. Tumemwita Bwana Helmeti. Alifuatana na watu wawili na kopo la rangi nyekundu, kila mlango ukapigwa namba. Mimi ni 19. Anasema jengo letu litavunjwa, lijengwe jipya refu, na sisi wapangaji thelathini na wanne tutarudi humo humo, kwenye nyumba za bei nafuu. Tunachotakiwa ni kutia saini kabla ya mwisho wa Juni. Asiyetia saini hana nafasi ya kurudi.

Tangu hapo roho yangu iko juu juu. Nakaa kwenye cherehani, nashona pindo moja, nainuka kwenda kuitazama ile namba, narudi. Jana nimeshonea mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Mimi, na miaka arobaini ya kazi!

Swali langu ni moja, na wewe ndiye mchora ramani za majumba. Tajiri mwenye pesa zake, kwa nini anijengee mimi nyumba? Hanijui, si ndugu yangu, wala hajawahi kuvaa suruali niliyoshona. Nijibu upesi, maana hapa kila mtu ana jibu lake na yote yananukia uongo.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenifika shingoni. Simu najua huitaki, unasema inakukatia maneno kabla hujayapinda, basi naandika. Mimi mzima. Chumba changu kipya kina dirisha kubwa lakini linatazama karakana ya matairi, na nyundo zao zinaanza kabla sijaamka. Mpe pole Mama Pacha, au hongera, sijui ipi inafaa kwa meno.

Jibu lako ni rahisi, wala si huruma. Jiji la kwenu lina sheria kwamba mtaa ule mwisho ni ghorofa kumi. Lakini mwendelezaji, yaani mtu wa kujenga na kuuza, akikubali kutenga nyumba moja katika kila tano kwa kodi ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, anaruhusiwa kuongeza ghorofa sita. Za juu ndizo zenye upepo na ndizo zinazouzwa ghali. Anawapa ninyi za chini ili apate za juu. Tena kibali chake kinatoka haraka badala ya kukaa mezani kwa mtu mwaka mzima. Na benki humwamini zaidi, kwa kuwa nyumba za bei nafuu hazikai tupu hata siku moja, wakati zile za matajiri zinaweza kungoja mnunuzi hadi vumbi lishike.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Anawahitaji, na mtu anayekuhitaji hakutupi. Tia saini, Shangazi. Mradi wenyewe siujui kwa undani, ofisi yetu ina kazi nyingi.

Mwanao, Rula


15 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nimefurahi una dirisha. Nyundo utazizoea, mimi nilizoea redio kumi zinazoimba kwa pamoja pale chini.

Nimemsomea Fundi Redio barua yako mara mbili. Kumbe mimi ni ngazi ya mtu! Sijakasirika, afadhali kujua. Mtu akiniambia amenipenda ghafla ndipo ninapoficha pochi. Ila umenijibu upande mmoja tu. Yeye anapata ghorofa sita, nimeelewa. Mimi napata nini? Bwana Helmeti anasema "nyumba nzuri ya kisasa". Wewe unanijua, nguo siinunui kwa kusimuliwa. Nataka kuiona ikiwa vipande.

Nitafutie ramani ya nyumba moja ya chini, hata nakala. Ninyi wachoraji si mnajuana? Nikiiona ndipo nitatia saini. Watu kumi na mmoja wameshatia, Mama Pacha mmojawapo. Anasema mimi najifanya mwanasheria.

Na hukuniambia unakula nini.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nakula. Wali, maharage, siku nyingine yai.

Nimeomba nakala kwa mwenzangu mmoja, ndiyo hii ndani ya bahasha. Kila sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Kuna sebule, chumba, jiko na bafu lako mwenyewe, hutapanga foleni na ndoo tena. Vipimo vyote vimetimiza sheria.

Naandika haraka, kuna kazi ya kupeleka leo. Tia saini mapema, tafadhali. Usisubiri tarehe za mwisho.

Rula


3 Mei

Mwanangu,

Goti limepoa. Fundi Redio ana mafua na amekuwa mnyonge kama paka aliyelowa. Hapa hatuishi kukimbia dirishani. Likipita lori tu watu wote wanadhani wabomoaji wamewahi.

Nimeifanyia ramani yako kazi. Siku ya Jumapili nilichukua karatasi zote za kukatia nguo, nikaziunga kwa gundi, nikapima kwa futi yangu, nikaikata ile nyumba kwa ukubwa wake kamili. Tukaitandaza uwanjani, mawe kwenye kona isipeperuke. Kuta tulichora kwa chaki. Kisha watu wakaanza kuingia. Walivua viatu, Rula! Kwenye karatasi! Mama Pacha alijilaza chumbani akasema kinamtosha ukuta hadi ukuta, kisha akakumbuka ameninunia, akainuka. Fundi Redio alisimama jikoni, mimi nikaigiza kufungua mlango wa friji, ukamgonga kiuno. Pacha walikaa bafuni, hawakutaka kutoka.

Kwa kweli ni nyumba. Si kubwa, jiko ni la mtu mmoja mwembamba, lakini ni nyumba. Nilibeba meza ya cherehani pamoja na Fundi Redio, tukaiweka chini ya dirisha la sebule, ikaenea. Nilisimama pale nikajisikia kulia, sikulia kwa sababu watu walikuwa wengi.

Halafu nikageuka kutoka, nikajiuliza, natokea wapi? Mlango wa nyumba naona. Nje ya mlango kuna kipande cha ujia, kisha karatasi imeisha. Mlango wa jengo lenyewe uko wapi?

Tena karatasi haikuisha, ilikatwa. Upande wa chini na kona ya kulia. Aliyekata ana mkasi unaokimbilia kushoto kidogo kila anapofika mwisho. Namjua mtu mmoja mwenye mkasi kama huo tangu ana miaka saba, na aliniharibia magauni mawili.

Nani alichora ramani hii?

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Pole kwa mafua ya Fundi Redio. Mimi pia nilishikwa na kikohozi, ndiyo sababu sikuandika. Sasa nafuu.

Nimecheka kuhusu pacha. Ningependa kuwepo.

Ile karatasi ilikuwa kubwa, haikuingia kwenye bahasha, ndiyo maana ikapunguzwa. Ramani za namna hii huchorwa na watu wengi, huwezi kusema ni ya fulani. Mlango wa jengo upo, sheria hairuhusu jengo lisiwe na mlango! Umebaki mwezi mmoja. Nakuomba kama mwanao, weka saini. Ukikosa nafasi hiyo sitajisamehe.

Rula


9 Juni

Mwanangu,

Sina habari za goti leo.

Nilifunga cherehani Jumatatu nikaenda ofisi za jiji. Ramani nzima imebandikwa ukutani kwenye korido ili wananchi waione, ila imebandikwa nyuma ya mlango unaofunguka, hivyo wananchi hawaioni. Nilimwomba karani ashikilie mlango. Ni mama mtaratibu, sketi yake ilikuwa imefumuka pindo nikamshonea hapo hapo, basi akanieleza mengi.

Jengo lina milango miwili. Wa kwanza uko barabarani, mpana, wa vioo, na miti miwili imechorwa kando. Huo ni wa ghorofa za juu. Wa pili uko nyuma, kwenye kichochoro, baada ya chumba cha takataka. Huo ni wetu. Nilitoa futi yangu nikapima pale pale ukutani. Ujia wake unapinda mara mbili, na kwenye kona ya pili meza yangu ya cherehani haipiti, hata ikilazwa ubavu. Niliambiwa nitarudi nyumbani na kazi yangu. Kumbe nitarudi mimi, yenyewe ibaki na mapipa.

Kisha karani akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Zile ghorofa sita hazitolewi mpaka wapangaji wote wa zamani watie saini. Wote thelathini na wanne. Hadi jana wametia thelathini na watatu.

Chini kulia, pale palipokatwa kwenye karatasi yako, kuna kisanduku cha majina ya wachoraji. Nimekisoma.

Nakuuliza tena, na sitauliza mara nyingine. Nani alichora?

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Ni mimi.

Barua yako imefika leo na najibu leo, kabla sijapata pa kujificha. Ramani ya kiwanja ililetwa mezani kwangu mwezi wa kumi na moja. Nilikitambua kabla sijasoma jina la mtaa. Ile kona ambayo mtaro unapinda, pale nilipoangukia nikavunja jino. Nilipaswa kusimama nikamwambia mkuu wangu kwamba shangazi yangu anaishi hapo, kwamba alinilea hapo, ndani ya chumba kimoja na vitambaa vya watu. Sikusema. Nilikuwa na miezi minne tu kazini na niliona aibu. Niliona aibu kwamba nyumbani kwetu ndiko kunakovunjwa.

Nyumba za chini nilizichora kwa moyo wote. Dirisha la sebule nililipima kwa meza yako, naikumbuka kwa viganja. Halafu mkuu akaja akasema wanunuzi wa juu hawapendi kuingia mlango mmoja na wa chini, niwatafutie wa chini njia ya nyuma. Nikachora. Ilinichukua saa moja baada ya chakula cha mchana. Sikubisha, sikuuliza, mkono wangu haukusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilijiambia mlango ni mlango tu, muhimu ni kilicho ndani.

Habari ya saini niliijua pia. Niliogopa ukiijua utagoma, ukigoma watauliza namba 19 ni nani, na watafika kwangu. Nilikuwa nakuhimiza utie saini ili mimi nipumue. Nimeandika, sasa unajua.

Sistahili kukuomba kitu. Niambie nifanye nini.

Rula


22 Juni

Rula,

Nimekasirika. Niache nikasirike siku mbili tatu, sitakufa, na wewe hutakufa.

Uliona aibu! Chumba hicho kilikusomesha. Kila ada ilitoka kwenye sindano ile, na leo unakiona aibu mbele ya watu usiojua hata wanakula saa ngapi. Nilitaka kuandika maneno mengine hapa, nimeyafuta kwa sababu karatasi ni ya mwisho.

Sasa sikiliza. Hapa wananiona mchawi. Mama Pacha hanisalimii kabisa, anaogopa nikigoma mradi utaahirishwa naye apoteze nyumba aliyokwishajilaza ndani yake. Fundi Redio ananisalimia lakini anatazama pembeni. Sikuwaambia habari zako. Nimewaambia tu habari ya mlango. Wengine wamesema afadhali mlango wa nyuma kuliko kukosa, na siwezi kuwalaumu, wana watoto. Mimi pia naogopa. Nina miaka sitini na mitatu, nikikosa hapa sijui nitapanga wapi na cherehani.

Lakini nimeshafikiri huku naenda na kurudi chumbani hadi Fundi Redio akagonga dari yake kwa fimbo. Wewe uliniandikia mwenyewe kwa nini wanatujengea. Wanatuhitaji ili wapande juu. Basi mimi ni ghorofa sita. Ghorofa sita haziingii ndani kwa kupitia takataka.

Nakutumia kwa basi la mizigo kifurushi. Ni ule mlango wa mbele, nimeukata kwenye karatasi kwa ukubwa wake, pamoja na kipande cha ujia kutoka kwenye mlango huo hadi kwetu. Meza inapita, nimejaribu. Kipeleke kwa wakubwa zako. Mlango mmoja kwa wote, la sivyo namba 19 haitii saini. Utajua mwenyewe utasema wewe ni nani wangu au hutasema.

Shangazi yako


1 Julai

Rula,

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Bwana Helmeti alikuja mara tatu. Sijatia saini.

Sijapata neno lako.

Shangazi


12 Julai

Shangazi mpendwa, shikamoo nyingi.

Kifurushi kilikaa siku nane kwenye ghala la basi. Nilikwenda kukiulizia kila asubuhi hadi mlinzi akanizoea. Nilikipata tarehe mbili, na tarehe nne kilikuwepo kikao, mwenye mradi amekuja mwenyewe. Nilidhani ni mtu mkubwa. Ni mfupi, ana kikohozi, anakunywa maji ya moto.

Walikuwa wanazungumza juu ya mpangaji mmoja mkaidi. Nikasimama. Nilikunjua karatasi yako ikafunika meza yote na vikombe vyao. Mkuu wangu akauliza ni takataka gani hii. Nikasema ni mlango wa shangazi yangu, anaishi namba 19, yeye ndiye aliyenilea, na mlango wa nyuma niliuchora mimi na nilikosea. Sauti yangu ilikuwa nyembamba sana, Shangazi, usidhani nilinguruma.

Mkuu akasema haiwezekani, wanunuzi watakimbia. Yule mfupi akaitazama karatasi, akapitisha kidole kwenye alama zako za chaki, akauliza nani amekata. Nikamwambia. Kisha akaanza kuhesabu kwa kalamu kwenye picha ya jengo, kumi na moja, kumi na mbili, hadi kumi na sita. Akasema, "Usogezeni mlango," akaendelea na maji yake.

Sikuambii amekuwa mtu mwema. Lifti zimebaki mbili, moja ya watu wa juu na moja yenu, hapo alikataa kuziunganisha. Jiko halikuongezeka. Na baada ya miaka ishirini kodi yenu inaweza kupanda, hilo lipo kwenye karatasi na sikukuambia pia. Lakini mlango ni mmoja, na ujia ni ule ulioupima.

Jioni ile ile niliondolewa kwenye mradi kwa kuficha undugu. Mkuu hakukosea. Sasa nachora maegesho ya magari. Ramani yenu imepewa mtu mwingine aimalizie, na jina langu limetolewa kwenye kisanduku.

Siku yako imeongezwa hadi mwisho wa mwezi. Sasa sikuhimizi.

Rula wako


5 Agosti

Rula mwanangu, marahaba.

Kula ushibe. Maegesho nayo yanahitaji mtu mwenye macho.

Mama Pacha amenisalimia. Alinunua kitenge akaleta nimshonee, ndiyo njia yake ya kuomba radhi, na nikamshonea bila kupunguza bei, ndiyo yangu. Fundi Redio anasema alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Tumemwacha aamini.

Bwana Helmeti alikuja Alhamisi na ramani mpya. Nilipochukua mkasi akashtuka, nikamwambia nautafuta uzi tu. Nilipima. Niliuliza ya miaka ishirini. Akasema ni mbali. Nikamwambia wakati huo nitakuwa na themanini na mitatu na nitakuwa bado nadai wateja, kwa hiyo aandike kwamba tutaitwa kabla kodi haijapanda. Aliandika pembeni kwa kalamu. Sijui kama kitu kilichoandikwa pembeni kinashika, lakini kipo.

Kisha nikatazama kile kisanduku chini kulia. Kuna jina la mtu nisiyemjua. Nikamwambia hapa pamekosewa. Akasema hapajakosewa, mama. Nikachukua kalamu yake, nikaandika pale kwenye mlango, kwa herufi kubwa, RULA. Ndipo nikatia saini.

Tunahama mwisho wa mwezi. Nimepata chumba kidogo upande wa pili wa soko, cherehani itakaa mlangoni na miguu yangu itakaa nje. Bwana Helmeti anasema miaka miwili. Mimi nimeweka mitatu. Hasira zangu zimepungua, hazijaisha. Nazibakisha kidogo hadi nikuone.

Ile meza ni nzito na Fundi Redio amezeeka, amesema waziwazi hataibeba tena. Siku ya kurudi itataka watu wawili, mmoja kila upande, kuingia nayo kwa mlango wa mbele. Upande mmoja nitashika mimi. Mwingine nimeshawaambia una mtu.

Shangazi yako